Neno la Kizungu Haliombewi Radhi

Ukiingia darasani kwake mara ya kwanza, Bi Mwalimu hakukuuliza jina wala mtaa. Alikuuliza unachukia nini.

Mimi nilimjibu, "Nachukia uongo," nikajiona nimesema la maana. Alinitazama juu ya miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa uzi mweusi.

"Uongo kila mtu anauchukia mpaka siku atakapouhitaji," alisema. "Nipe kitu n'nachoweza kukigusa."

Nikafikiri, watu wote wananitazama. Nikasema nachukia utando wa maziwa juu ya chai.

"Ahaa. Sasa umefika. Kaa."

Darasa lilikuwa ukumbi wa chini wa nyumba yake, Mkunazini, mjini Zanzibar. Palikuwa na mikeka miwili, benchi moja la wenye magoti mabovu, na ubao mweusi ambao zamani ulikuwa mlango wa kabati. Tundu la ufunguo lilikuwepo bado, na kila sentensi aliyoiandika ilibidi ilikwepe. Wanafunzi tulikuja baada ya sala ya alasiri. Walikuwemo mapapasi, wale vijana wanaowafuata watalii vichochoroni na kujifanya wenyeji wao. Alikuwemo mwanamke mmoja muuza viungo ambaye alijua kutaja bei kwa lugha nne lakini hakujua kusema pole hata kwa moja. Na tulikuwemo wasichana wa Ng'ambo, ile mitaa ya upande wa pili wa mji, tuliomaliza skuli na vyeti vya kuficha chini ya godoro. Sote tulitaka kitu kimoja, kazi ya hoteli. Na kwa kazi ya hoteli kilitakiwa Kiingereza cha kutembea, siyo kile cha skuli kilichokaa kitako.

Bi Mwalimu alikuwa na jina, tena lilichorwa kwenye kibati mlangoni. Sikumsikia mtu akilitumia. Hata muuza maziwa alimwita Bi Mwalimu.

Kazi yake ya kila wiki haikubadilika: sentensi saba, zote zitumie neno moja. Neno lenyewe ni loathe. Alitwambia maana yake ni kuchukia, lakini siyo chuki ya kununa na kugeuza uso. Ni kukirihika mpaka tumbo likakataa. Lile neno jengine fupi la kuchukia, ambalo kila mtoto wa skuli analijua, alilipiga marufuku. "Limeshapwaya," alisema, "kama khanga ya jikoni." Hili lake alilipenda kwa sababu linaishia na dh, na dh ni mali yetu. "Wenzenu wengine wataisema kwa z, wataaibika. Nyinyi mumesoma Kurani chuoni, dh mumeinywa pamoja na maziwa. Dhambi, dhiki, radhi. Msinitie haya."

Basi tuliandika. Nachukia foleni ya boti. Nachukia mchanga kitandani. Nachukia shemeji yangu anavyomeza mate kabla ya kuzungumza. Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa ya papasi mmoja, na Bi Mwalimu aliisoma mara mbili kwa sauti, amefurahi kama aliyeletewa halua. Alipenda sentensi za nyumbani, zenye sufuria na mito na jamaa ndani yake. Wageni, alisema, hawazungumzi kuhusu mashujaa wala mazingira. Wanazungumza kuhusu mto mgumu na supu ya jana.

Siku moja yule muuza viungo alimuuliza kwa nini tusijifunze neno la kupenda, tukapata na thawabu.

"Mapenzi utayasema vibaya na bado utafahamika," alijibu. "Chuki ukiisema vibaya, umefukuzwa kazi." Kisha akaweka chaki chini na akasema lile alilolisema kila baada ya wiki mbili tatu, mpaka tukawa tunamwitikia kwa pamoja kama watoto wa chuo. "Kwa Kiswahili mdomo wako una wazee ndani yake. Ukisema baya, linabaki. Neno la Kizungu haliombewi radhi. Mwageni hapa mulionayo, mwende zenu nyumbani wepesi."

Neno la Kizungu haliombewi radhi. Nililiamini jambo hilo kuliko nilivyoamini mengi niliyofunzwa kwa bakora.

Ajabu yake ni kwamba yeye mwenyewe kwa Kiswahili hakuwa na neno baya. Jirani wa nyuma alikuwa na jenereta iliyomtikisia vikombe, naye alisema tu, "Mashaallah, jirani ana afya." Tulipokuwa naye kwenye hitima moja, mchuzi ukawa chumvi tupu, wanawake wakaanza kukunja nyuso. Bi Mwalimu alimaliza sahani yake, akafuta vidole, akasema, "Leo bahari imetukumbuka." Ukimletea fitina alikuuliza, "Unaweza kuisema kwa Kiingereza?" Ukishindwa, fitina imekufa hapo hapo. Ukiweza, alikusahihisha.

Tulipomuuliza yeye anachukia nini, alisema chaki mbovu.

Na kulikuwa na jambo la maji. Darasa likimalizika, hakufuta ubao kwa kitambaa kikavu kama walimu wengine. Aliuosha. Alileta bakuli la maji, akaulowesha, akayakinga yale maji meupe ya chaki chini yake, tone kwa tone, kisha akayachukua mwenyewe mpaka uani na kuyamwaga kwenye karo la maji machafu. Hakuruhusu yamwagwe kizingitini wala njiani, watu wasije wakayavuka. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa, akanywa maji yake, ndilo kombe. Papasi mmoja akamtania, "Bi Mwalimu, hili kombe lako mbona hatunyweshwi?"

"Hili halinywewi," alisema, na hakucheka.

Sote tulicheka. Ningekuwa na akili ningejiuliza, kama maneno ya Kizungu hayana uzito, kwa nini mwanamke mzima anaogopa watu kuyavuka maji yake? Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na akili yangu yote ilikuwa hotelini.

Jengine ni kikapu. Juu ya darasa, ghorofani, aliishi dada yake. Nyumba moja, mama mmoja, na hawakuwa wakisemezana. Walikosana kabla sisi hatujamjua, kwa maneno waliyoambiana siku ya arusi ya mmoja wa jamaa zao, na maneno yenyewe hakuna aliyeyajua. Kila siku darasani, jua likianza kulainika, kikapu kilishuka kwa kamba mbele ya dirisha letu, ndani yake chupa ya chai tupu. Bi Mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi. Alitoka, akaichukua chupa, akaijaza chai ya tangawizi iliyokwisha kuwa tayari jikoni, akairudisha kikapuni, akaitikisa kamba mara moja. Kikapu kikapanda. Hapana shukrani kutoka juu, hapana karibu kutoka chini. Mwanafunzi mgeni aliwahi kuuliza ni nani yule juu. Bi Mwalimu alimjibu kwa Kiingereza kwamba ni dada yake, kisha akamwambia aendelee na sentensi ya nne.

Dada alipofariki, kamba haikufunguliwa. Nilipita pale miezi mingi baadaye nikaiona inaning'inia na kikapu chake, na nikaharakisha mwendo.

Sasa nimseme mama yangu, maana bila yeye Bi Mwalimu angekuwa kwangu kichekesho tu cha kusimulia barazani.

Tulikaa Miembeni, huko huko Ng'ambo, mimi na yeye tu. Baba alikuwa na nyumba nyengine na watoto wengine. Mama hakwenda skuli. Alisoma chuoni, na alichoandika alikiandika kwa herufi za Kiarabu, hata orodha ya vitu vya sokoni: nazi, bizari, ndimu, kwa hati nzuri iliyolala kama nywele zilizochanwa. Kiingereza hakukijua, lakini alikiheshimu. Nilipokuwa nikipita na daftari langu chumbani, nikisema sentensi zangu kwa sauti, yeye jikoni alijibu, "Amin." Nachukia nzi. "Amin, mwanangu." Nachukia mvua ikikuta nguo zimeanikwa. "Amin, Amin." Nilimwambia siyo dua. Alisema, "Dua za shekhe nazo nnazifahamu? Maneno yakisomwa kwa adabu, mtu huitikia."

Mwaka huo hoteli moja ya pwani ya mashariki ilinifanyia mahojiano, na nilirudi nyumbani najua nimepita. Kazi ilikuwa ya kulala huko huko, siku sita kwa wiki. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Nikasubiri simu. Wiki ikapita, na ya pili. Kisha msichana mmoja wa darasani, aliyekwishaanza kazi pale, akaniambia mbele ya watu, "Hongera, mwenzetu. Mbona arusi yako hukutualika?"

Kumbe hoteli ilikuwa imeshapiga simu. Mimi nilikuwa bafuni. Mama aliipokea simu yangu, akawaambia, kwa upole wake wote, "Mwanangu kashaolewa. Yuko Oman."

Nilipomuuliza hakukana. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Mtoto wa kike halali nje," alisema, na akaendelea kuchambua.

Sikumgombeza, kwani kwetu mama hagombezwi. Ukimwinulia mama sauti kwa Kiswahili, dari yote inakusikia na radhi zinaondoka nyumbani. Lakini nilikuwa na neno, na nilikuwa na mwalimu aliyeniambia neno hilo haliombewi radhi. Asubuhi ya pili nilimwekea kikombe chake cha chai, nikamtazama usoni, nikatabasamu, nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, na dh yangu imetimia: I loathe you, mama.

"Amin, mwanangu," alisema. "Amin."

Sitadanganya: nilihisi raha. Raha mbovu, ya kukuna upele. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nikasema tena. Ilikuwa mwanzo wa Shaabani, na nilisema kila asubuhi ya mwezi mzima, kikombe mkononi, tabasamu usoni, naye kila asubuhi aliitikia.

Jioni ya kutazamwa mwezi wa Ramadhani watu hutakana radhi. Nilimpigia magoti kama kila mwaka, nikamwambia, "Mama, nisamehe." Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema wanavyosema wazee wote: "Nshakusamehe, la kulijua na la kutolijua." Kuanzia kesho yake sikuisema tena sentensi ile. Hasira ilikwisha, au ilichoka. Nikapata kazi katika duka la vitambaa Darajani, tukaishi. Miaka mitatu baadaye sukari ilimchukua Mama, kwa siku tano tu, na katika siku hizo tano sikupata nafasi ya kumwambia lolote lililonyooka.

Kwenye matanga Bi Mwalimu alikuja. Alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akasoma alichosoma, kisha akaniambia sikioni, "Mama yako alikuwa na hati nzuri sana." Nilidhani uzee umemchanganya, kanifananisha na mtoto wa mwengine. Nikasema ahsante.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya hoteli, hapa hapa mjini, mapokezi. Hapakuwa tena na mtu wa kupokea simu yangu.

Na hapo ndipo neno lile liliponipata. Wageni wanalitumia kama chumvi. Mmoja anakirihika na mito ya manyoya. Mwengine anakirihika na kuamka mapema. Bibi mmoja alinikubali sana, akanishika mkono, akaniambia anakirihika kuondoka Zanzibar. Wao wanalisema wakicheka, nami nyuma ya meza nasikia kikombe kikiwekwa mezani Miembeni na sauti ya mama yangu ikiitikia Amin. Kila mara. Mwenzangu wa kazi alinizoea. Akiona nimekodoa macho huja kushika kalamu yangu na kumalizia kumwandikisha mgeni.

Kilichokuwa kikinitafuna ni hiki. Mama alisema kanisamehe, la kulijua na la kutolijua. Lakini mtu anaweza kusamehe asilolijua? Kama hakujua, msamaha ule ulipita juu ya kichwa cha jambo lenyewe bila ya kuligusa, na mwenye kulisamehe yuko chini ya udongo. Na kama alijua, basi kila asubuhi ya mwezi mzima nilimchoma moyo naye ananitazama. Nilitaka awe alijua, na nilitaka awe hakujua. Nilimuuliza shekhe mmoja, kwa kuzunguka zunguka, akaniambia nimuombee dua na nitoe sadaka. Nilifanya yote mawili. Nikaendelea kuota chai.

Bi Mwalimu sikumtembelea. Nilikuwa na kinyongo naye, nasema kweli. Ni yeye aliyenipa kisu akaniambia hakikati.

Mwaka jana akaniita. Alituma mtu hotelini kuniambia Bi Mwalimu anakwenda kuhiji na anataka kuniona kabla ya safari. Nilijua ni nini. Anayekwenda Makka huzunguka kwa jamaa na majirani kutaka radhi, na asiyeweza kuzunguka huita. Nilikwenda siku ya mapumziko yangu, asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya kichochoro.

Ukumbi wa chini ulikuwa mtupu. Ubao ulikuwepo, umeegemea ukuta, mweusi, na tundu lake la ufunguo. Nikapiga hodi.

"Naam," sauti ilitoka juu. "Panda."

Alikuwa amehamia chumba cha dada yake. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na pale dirishani palifungwa ile kamba, na kikapu kilikuwa sakafuni kando ya mguu wake. Macho yalikuwa yamefunga ukungu. Sanduku la safari lilikuwa wazi kitandani, nguo nyeupe zimekunjwa.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Bado unachukia utando wa maziwa?"

"Bado."

"Kaa. Miguu yangu imekataa ngazi. Huko Makka watanisukuma kwa kigari, lakini kwenda kwa watu siwezi, ndiyo nnawasumbua." Alinigeuzia uso. "Wewe nimekuweka wa mwisho. Nilikuogopa."

Bi Mwalimu kuogopa mtu, tena mimi.

"Nina amana yako," alisema. "Na nina kosa. Nianze na lipi?"

"Kosa," nilisema.

Aliweka mikono magotini. "Mama yako alikuja kwangu. Ilikuwa Shaabani, Jumatano ya pili, asubuhi, darasa halipo. Amevaa buibui lake la kutokea. Alisimama pale mlangoni chini, hakutaka kukaa. Akanambia, 'Mwalimu, kuna neno mwanangu ananambia kila siku nikinywa chai, nami nnaitikia Amin. Nataka kujua nnaitikia nini.' Akalisema. Alilitamka vizuri kuliko darasa zima."

"Ukamwambia?"

"Nilikuwa naweza kusema uongo. Nilikuwa naweza kumwambia maana yake nakuombea kheri. Lakini mimi katika maisha yangu maana ya neno sijaipinda, hata siku moja. Nikamwambia. Hilo ndilo kosa langu, au siyo kosa, mimi sijui, miaka yote hii sijui. Ndiyo nnakutaka radhi."

"Akasema nini?"

"Akakaa. Akaomba maji, nikampa. Alikunywa yote. Kisha akaniuliza, 'Na wenzake huandika nini?' Nikamsomea za watu, shemeji na mate yake, mito, nzi. Akacheka, Wallahi, alicheka. Halafu akasema, 'Basi na mimi niandikishe.'"

Mama yangu alisoma kwa Bi Mwalimu Jumatano saba. Mimi niliambiwa anakwenda sokoni, na nakumbuka nilimlaumu kwa kurudi na kapu jepesi, mchicha na nyanya mbili, kama aliyetembea tu. Ramadhani alipumzika. Baada ya Idi alirudi akamaliza.

Nilimuuliza lile nililoogopa kuliuliza. Kama alijua tangu Jumatano ya pili, mbona aliendelea kuitikia mpaka mwisho wa mwezi?

"Nilimuuliza vivyo hivyo," alisema Bi Mwalimu. "Nikamwambia, Bi mkubwa, sasa bado unasema Amin? Akanambia, 'Nikiacha, atajua nimejua.'"

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, kama ambavyo sikulia siku ya maziko. Bi Mwalimu hakuniambia ninyamaze. Alisubiri, uso ameuelekeza dirishani asikokuona kitu. Nilipotulia alisema, kwa sauti ndogo:

"Mimi na dada yangu tulikosana kwa Kiswahili. Nikadhani kosa ni la lugha. Nikawafunza watoto wa watu kuwa ipo lugha ya kusemea mabaya na yasiwepo. Haipo. Nisamehe."

Nilimwambia, "Nshakusamehe, Bi Mwalimu." Nikataka kuongeza yale ya kawaida, la kulijua na la kutolijua, nikashindwa kuyatoa. Nikasema, "Hili nimelijua, na nimesamehe hili."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akapapasa ndani ya kikapu akatoa daftari.

Lilikuwa daftari la skuli la kawaida, jalada limekula unyevu. Ndani, kwa hati ya mama yangu, palikuwa na Kiingereza kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Loathe yake aliiandika kwa dhali, ile herufi ya dh, nukta yake juu, imekaa sawa. Kwenye kila sentensi Bi Mwalimu aliweka tiki nyekundu. Nilizisoma kwa sauti, kwa shida, herufi kwa herufi, na kila nilipounganisha neno nilisikia Kiingereza kinatoka katika mdomo ambao sikuwahi kuusikia ukikisema.

Ya kwanza: nachukia umeme ukikatika mwanangu anasoma. Ya pili: nachukia mchele wenye mawe. Ya tatu: nachukia mlango ukifungwa na aliye ndani hajala.

Ya nne: naichukia ile simu.

Ya tano: namchukia mwanamke aliyeipokea.

Hapo nilisita. Bi Mwalimu alisema, "Endelea. Usimeze dh."

Ya sita: nachukia nyumba yenye kikombe kimoja.

Mama yangu hakuwahi kuniambia kuwa anaogopa kubaki peke yake. Aliniambia mtoto wa kike halali nje. Nilimchukia kwa ajili ya sheria, kumbe haikuwa sheria, ilikuwa hofu tu, hofu ya kuandaa chai ya mtu mmoja, na ningalijua ningalimwambia nitakuja kila Ijumaa. Labda nisingalimwambia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Lakini ningalijua.

"Umefika ya saba?" aliuliza Bi Mwalimu.

Ya saba haikuwa na tiki. Ilikuwa peke yake kwenye ukurasa wake, kwa hati ya uangalifu kuliko zote, kama anayeandika anwani ya barua ya mbali. Ilikuwa sentensi yangu. Aliinakili kama alivyoisikia kwenye chai, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho, mama. Na chini yake, kama zinavyofungwa dua vitabuni, aliandika Amin.

"Hiyo hakutaka niisahihishe," alisema Bi Mwalimu. "Alinambia, 'Hii siyo yangu. Mwenyewe akikua ataisahihisha.'" Akapapasa tena kikapuni, akanipa kalamu nyekundu. Wino wake ulikuwa umeganda, nikaisugua kiganjani mpaka ikatoa.

Nilikaa na kalamu ile mkononi mpaka wakapita wauza samaki chini. Kisha nilimbusu mkono Bi Mwalimu, nikamtakia Hija njema, nikateremka ngazi na daftari kifuani. Mlangoni nilitazama juu. Alikuwa amekwisha kukishusha kikapu, kitupu, kinapepea kidogo mbele ya dirisha la darasa, na sikujua anamshushia nani. Nikaitikisa kamba mara moja. Kikapu kikapanda.

Alikwenda Makka na hakurudi. Alizikwa huko, na wanaomjua wanasema ndivyo alivyoomba. Daftari liko nyumbani Miembeni, kwenye kasha la Mama, na kalamu nyekundu iko ndani yake. Siku nisizokwenda kazini nalitoa, nafungua ya saba, naisoma toka mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta pa kukosoa. Hapana. Kila neno liko mahala pake, dh imekaa sawa, na Amin yake iko chini. Ni sentensi sahihi, na tiki yake bado sijaweza kuiweka.